Kijiti cha Kioo

Kiondo, kijana wa utafiti, alinipa kijiti cha kioo.
"Bi Mwanjaa, kichomeke vidole vinne chini,
saa moja asubuhi na saa nane mchana,
kisha andika." Hakuniambia nisiandike nini.
Basi nimeandika.

Oktoba, tarehe tatu. Saa nane.
Pale peupe, njia ya mbuzi: thelathini na tisa.
Chini ya boga la masika lililogoma kufa: ishirini na saba.
Kati yake hatua sita,
na udongo ni huo huo, mwekundu,
wa Kwafungo, wa babu mmoja.

Kaka yangu Mbelwa hapendi mchanganyiko.
"Shamba si pilau," husema.
Kwake mahindi yasimame peke yake kama gwaride,
chini pafagiliwe hata mchwa aone haya.
Kwangu mahindi yana wapangaji:
kunde zisizolipa kodi, mchicha uliojibanza,
bamia, nyanya mistari miwili,
na boga linaloingia kwa jirani bila hodi.

Tarehe kumi na tisa ilinyesha.
Chupa niliyoikata shingo ikapata milimita kumi na moja.
Paa halijaacha kudondoka, Mbelwa yuko nje na jembe.
Nikachoma kijiti. Juu tope.
Vidole vinne chini vumbi, na thelathini na tano.
"Kaka, huko chini bado ni jikoni."
"Mvua ni mvua," akasema, akafukia.

Mama alikuwa akivua kandambili,
akizungusha kisigino mpaka kizame,
akisimama hivyo muda wa kumwogesha mtoto.
Hakuwa na daftari. Alisema tu, "Bado,"
na ile bado yake ilikuwa na tarakimu ndani.

Siku tisa za jua.
Mbegu za Mbelwa zilifumbua jicho,
zikaona, zikafumba.
Alipofukua alizikuta laini, zimeiva bila chumvi.
Sikusema neno.
Niliandika, na mkono ulifurahi kuliko ulivyopaswa.

Novemba mosi tukapanda wote, yeye mara ya pili.

Desemba, tarehe tisa, usiku.
Chupa ilijaa, ikamwagika. Nimeandika: zaidi ya chupa.
Kwa Mbelwa maji yalipata uwanja,
yakachimba mifereji, yakabeba rutuba ya miaka
hadi kwenye barabara ya Muheza,
ambako asubuhi pikipiki zilikuwa zikiteleza juu ya shamba letu.
Kwangu maji yalishuka ngazi kwa ngazi,
jani la hindi, jani la kunde,
mchicha ukainama ukawapisha,
hata yakafika chini yamechoka.
Yakaingia.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini daftari ni la kurasa themanini.

Siku saba za mawingu zilifuata.
Chini ya mahindi: ishirini na tatu asubuhi,
ishirini na nne mchana, na unyevu usio na pa kwenda.
Kivuli nilichojisifia kikawa blanketi la mgonjwa.
Nyanya zikaota madoa meusi, kwanza kwenye majani,
kisha mashavuni. Mistari yote miwili.
Mbelwa alikuja, akazitazama, akaondoka kimya.
Labda naye ana daftari.

Kunde tulikula. Mchicha niliuza mafungu arobaini.
Mahindi yangu yalikuwa membamba kuliko yake yaliyosalia,
maana mwenye wapangaji hali peke yake.
Debe kwa debe sikumshinda.
Kwa chungu, nilimshinda.

Jana, mwezi wa tatu, wingu la kwanza limetanda.
Nimemwona ukingoni mwa shamba,
viatu vya mpira ameviweka kando,
kisigino kinazunguka.
Mfuko wa shati umevimba. Nikakisia kunde.
Alipotoka nilichoma kijiti katika shimo la kisigino chake:
thelathini na nne.
Sikumwonyesha. Nikamuuliza tu, "Vipi?"
"Bado," akasema.

Kiondo atakuja Jumatatu kuchukua takwimu.
Amechora safu mbili, ya joto na ya mvua.
Hiyo bado sijui niitie wapi.